Injini Iliyochelewa Kuitika: Safari ya Bariadi

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Bariadi kwa njia ya ziwa hupita Kisesa na Magu, huuvuka mto Simiyu, ambao ndio ulioupa jina mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, huiacha Ghuba ya Speke ikimeremeta mkono wake wa kushoto mpaka Lamadi, na hapo, badala ya kuendelea na njia ya Musoma inayopita mbele ya lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, hukata kulia akaingia barabara ya lami iendayo Dutwa na Bariadi. Kadiri ziwa linavyobaki nyuma ndivyo nchi inavyofunguka: mawe makubwa ya matale yaliyorundikana juu ya vilima, mibuyu iliyosimama peke yake katikati ya mashamba, ng'ombe wengi kuliko watu barabarani, na hapa na pale ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyawekea mwiko wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Ni nchi tambarare kwa mbali, lakini gurudumu huitambua kwa karibu kuwa imejaa makorongo na mabonde, na barabara za vijijini, zikitoka tu kwenye lami, humpa dereva kazi ya kutosha.

Nilifika katika mwezi wa Juni, mvua zimekwisha, udongo mweusi wa mbugani umepasuka nyufa za kuingia kiganja, na pamba, iliyovunwa na kuanikwa, imekwisha kutengwa katika daraja mbili zinazojulikana na kila mtoto wa huko, safi na fifi, ikingoja kupelekwa kwenye mizani ya chama cha ushirika cha msingi na kutoka hapo kwenda kiwandani kuchambuliwa na kufungwa marobota. Mizani hiyo ina historia yake katika Usukuma. Ni kwa sababu ya manung'uniko ya wakulima juu ya namna walivyopimiwa na wanunuzi ndipo vyama vya ushirika vya Jimbo la Ziwa vilipochipuka baada ya Vita Kuu ya Pili, vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho moja kubwa chini ya Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Wakulima wale hawakutaka sadaka wala huruma. Walitaka uzito wa pamba yao ujulikane kwa kupimwa mbele ya macho yao, usikadiriwe na mtu ambaye kukosea kwake ni faida yake. Habari hiyo ilinirudia moyoni mara nyingi katika siku nilizokaa Bariadi, kwa sababu ya jambo ambalo sikwenda kulitafuta.

Mwenyeji wangu alikuwa mkulima wa pamba na mtama aliyekuwa na pikapu ya dizeli ya silinda nne, gari la miaka mingi lakini lililotunzwa, ambalo katika msimu humbebea yeye na jirani zake mizigo kwa ujira wa haki. Gari lile lilikuwa na ila moja. Alfajiri, dereva alipozungusha ufunguo, stata iliizungusha injini kwa nguvu zote bila kusita, na injini isiwake. Akaachia, akarudia, akaachia tena, na baada ya muda wa kumtia mtu wasiwasi, ikashika kwa kutetemeka, ikatoa wingu la moshi mweupe, kisha ikatulia na kufanya kazi kama isiyo na kasoro yoyote. Mchana ilipozimwa kwa muda mfupi iliitika mara moja. Ikisimama saa nyingi, uzito ule wa asubuhi ulirejea.

Atakayeona kuwa hili ni jambo dogo na azingatie maisha ya msimu wa pamba. Anayefika mizanini mapema hupimiwa mapema. Anayechelewa hukaa foleni juani mpaka alasiri, na pengine hulala hapo na mzigo wake. Stata inayozungushwa muda mrefu kila siku huunguza waya zake na kuichosha betri, na betri ikichoka, gari ambalo jana lilichelewa kesho litakataa kabisa, nalo litakatalia aghalabu mahali pasipo na mteremko wa kulisukumia. Kwa hiyo dereva wa mwenyeji wangu, kijana mwangalifu, alikuwa na desturi ya kuiacha injini ikinguruma tupu kila waliposimama, hata kwa saa nzima, akiteketeza mafuta kwa hofu ya kuizima.

Rai hazikukosekana. Mmoja alisema betri, mwingine alisema hita, wa tatu alisema nozo zimekufa, na katika gereji moja ya mji wa mbali, ambayo sina haja ya kuitaja, mwenyeji wangu aliambiwa, bila ya chombo chochote kufunguliwa wala kupimwa, kuwa pampu ya dizeli imekwisha na lazima inunuliwe nyingine, kwa bei ambayo ingemeza faida yote ya shamba lake. Mimi naihesabu tabia hiyo kuwa dhuluma, hata inapofanywa bila nia mbaya. Mwenye gari hana elimu ya kumpinga fundi. Amekuja na fedha zake na imani yake, na anayemwamuru abadilishe kitu kwa kudhani tu anamtoza gharama ya ujinga usiokuwa wake. Kifaa kipya kikifungwa na ila ikabaki, fundi wa namna hiyo hutaja kifaa cha pili, na cha tatu, na ikitokea siku moja akapata kwa bahati, hujisifu kwa kugundua alichokikuta baada ya kumaliza vyote vilivyokuwa vizima.

Mafundi wa Bariadi wengi wana magereji ya wazi, mti wa kivuli na uwanja uliolowa oili iliyokauka, magurudumu yamerundikwa upande mmoja na injini ya trekta upande wa pili. Fundi tuliyemwendea alikuwa mzee aliyejifunza kazi akiwa kijana katika malori ya kubebea pamba. Tulimwamkia kwa heshima ya umri wake, naye akatujibu kwa Kisukuma, “Mwadila,” akatuletea kigoda na benchi, akamwomba mwenyeji wangu aeleze. Nilitazamia kuwa angefungua boneti. Hakuifungua.

“Mwanangu,” alimwambia, “likichelewa, moshi hutoka wakati stata inazunguka, au hautoki mpaka liwake?”

Mwenyeji wangu alimtazama dereva, na dereva akasema kuwa hautoki kitu. Bomba la moshi huwa kavu mpaka injini ishike. Mzee akauliza kama gari likilazwa limeinua pua kwenye mwinuko huwa vibaya zaidi kuliko likilazwa tambarare, na dereva, kwa mshangao, akakubali kuwa ni kweli, ingawa hakuwahi kulitia maanani. Akauliza kama tangi likijaa kuna nafuu. Dereva akafikiri, akajibu kuwa anadhani ipo. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema, “Mliache hapa usiku huu. Asubuhi asiliguse mtu kabla yangu.”

Ili thamani ya maswali yale ifahamike, yafaa nieleze kidogo namna injini ya dizeli inavyowaka, kwani haina cheche ya plagi kama ya petroli. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyeonyesha kule Augsburg mwaka 1897 kuwa hewa ikibanwa kwa nguvu ndani ya silinda hupata moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe yanaporushwa ndani yake; na kampuni ya Robert Bosch ilipoanza mwaka 1927 kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma mafuta hayo kwa kipimo sahihi, injini hiyo ikapata njia ya kuingia katika malori na hatimaye katika magari madogo. Katika injini za kizamani kama ile ya mwenyeji wangu, hewa hubanwa zaidi ya mara 20 na mafuta hurushwa kwanza katika chumba kidogo kilichopo kichwani mwa silinda. Na kwa kuwa chuma baridi huunyang'anya ule moto kabla haujatosha, kila chumba huwekewa hita, kijiti kinachofanywa chekundu kwa umeme kwa nukta chache kabla ya stata kuzungushwa. Bariadi si nchi ya theluji, lakini ipo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni huko mtu hutafuta shuka.

Basi injini inayochelewa kuwaka imekosa moja katika mambo matatu: ama haizungushwi kwa kasi ya kutosha, ama haina moto wa kutosha, ama haijapata mafuta. La kwanza lilijibiwa na sikio, kwa kuwa stata ilizunguka kwa wepesi. Na kati ya la pili na la tatu, mwamuzi ni moshi. Mafuta yakiwa yanafika katika silinda na moto hautoshi, hugeuka mvuke, yakatoka katika bomba yakiwa meupe na harufu kali kabla hata injini haijawaka. Bomba likiwa kavu, kilichokosekana ni mafuta yenyewe. Kwa swali moja, lisilogharimu hata senti, mzee alikuwa amekwisha kuielekeza dhana yake.

Hata hivyo hakuihukumu kwa dhana. Asubuhi, jua halijachomoza, alianza na betri, akaipima na kuikuta na volti 12.6 ikiwa imetulia, akamwomba dereva azungushe stata kwa nukta mbili tatu tu huku yeye akiitazama mita, nayo haikushuka chini ya kumi. Akaondoa utepe wa chuma unaoziunganisha hita, akachukua taa ndogo ya kupimia yenye waya mbili, mmoja akauungia kwenye chanya ya betri na wa pili akaugusisha kichwa cha kila hita kwa zamu. Kwa tatu taa iliwaka. Kwa moja haikuwaka. Dereva alifurahi, akidhani ugonjwa umepatikana. Mzee alimnyoshea mkono wa kumtuliza. Hita moja iliyokufa, alieleza, huifanya silinda moja isinzie wakati wenzake watatu wameamka, na hiyo ndiyo sababu ya kutetemeka na ya wingu la moshi mweupe baada ya kuwaka. Lakini haiwezi kuzinyamazisha silinda zote nne na kulikausha bomba. Itabadilishwa, kwa kuwa imekufa, ila haitalipishwa kosa lisilokuwa lake.

Nimekaa na wanazuoni walioshindwa kufanya upambanuzi huo. Ni kawaida ya mwanadamu, akitafuta sababu na akakuta kasoro, kuifanya kasoro hiyo ndiyo sababu. Na gari kuukuu, kama ilivyo nyumba kuukuu, halikosi kasoro za kumridhisha mtafutaji asiyekuwa na subira. Mzee aliuliza kila kasoro kitu gani inaweza kukifanya na kitu gani haiwezi, akairidhia kwa kadiri hiyo tu.

Kisha akaurudisha utepe wa hita, akaiendea pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli, ile ambayo dereva huitumia kutoa hewa baada ya kubadilisha chujio, akaibonyeza. Ililegea chini ya kiganja chake kama isiyo na kitu ndani. Aliendelea kuibonyeza, na kidogo kidogo ikawa ngumu, mpaka ikakataa kushuka. “Washa,” alisema. Hita zilipashwa, ufunguo ukazungushwa, na injini, ambayo haikupata kuitika upesi alfajiri kwa muda wa msimu mzima, ikawaka papo hapo, ikitetemeka kwa ile silinda moja yenye hita mbovu, lakini imewaka.

Hapo shauri la pampu mpya lilikufa, na mwenyeji wangu alilielewa kabla ya kuambiwa. Nilimwona akishika paji la uso. Pampu iliyokwisha haiponi kwa kubonyezewa mafuta. Kilichothibitika ni kuwa usiku kucha dizeli ilikuwa ikirudi nyuma kutoka injini hadi tangini, na asubuhi stata ililazimika kuizungusha pampu mpaka iyavute mafuta upya kutoka nyuma ya gari. Ndiyo maana pua ikiinuliwa ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu injini ilikaa juu na tangi chini. Na ndiyo maana tangi lililojaa lilileta nafuu, kwa kuwa njia ya kuteremka ilikuwa fupi. Lakini mafuta hayawezi kurudi isipokuwa hewa imeingia kushika mahali pake. Mzee alimweleza dereva kwa mfano wa mrija wa soda: ukiuziba juu kwa kidole, kinywaji husimama ndani yake, ukiutoboa ubavuni, huanguka. Palikuwa na tundu mahali, na tundu hilo halikuwa likivujisha tone hata moja chini, kwa sababu sehemu yote kati ya tangi na pampu hunyonya, haisukumi, na penye kunyonya hewa huingia kabla mafuta hayajatoka. Waliokuwa wakiinama chini ya gari kutafuta tone wasingelipata wakitafuta mwaka mzima.

Kulitafuta tundu hilo kulikuwa na utaratibu ambao ningependa kila kijana anayeingia gereji aufundishwe kabla ya kukabidhiwa spana. Alikata kipande cha mpira mweupe unaoonyesha kilichomo ndani, akakiunga kati ya chujio na pampu, akawasha injini, akatuita tutazame. Mapovu madogo yalikuwa yakipita katika dizeli, moja baada ya jingine, bila haraka. Akazima, akakihamisha kipande kile upande wa pili wa chujio, panapoingia mafuta kutoka tangini, akawasha tena. Mapovu yalikuwapo vilevile. Basi kichwa cha chujio, na raba ya pampu ya mkono, ambayo ni mahali panapoharibika mara nyingi, vilisalimika katika tuhuma, kwa kuwa hewa ilikuwa imekwisha kuingia kabla ya kuvifikia. Alibakiwa na bomba moja la chuma linalopita ubavuni mwa chasisi, na vipande viwili vya mpira katika ncha zake.

Alijilaza juu ya gunia, akaingia chini. Kipande cha mbele kilikuwa kizima. Cha nyuma, kilichopo juu ya ekseli kati ya bomba na tangi, kilikuwa kimefunikwa na vumbi jeusi lililoganda, ilhali vumbi la sehemu nyingine lilikuwa kavu na la rangi ya ardhi. Na alipolifuta na kuupinda mpira kwa kidole, ufa ulifunguka chini kabisa ya klipu, ufa mfupi, pale ambapo klipu ilikuwa imelegea kwa mitikiso ya njia za vijijini na kuukata mpira kidogo kidogo. Unyevu haba wa dizeli ulikuwa umelikamata vumbi, na vumbi likauficha ufa. Alimwita mwenyeji wangu aje auone kwa macho yake kabla haujakatwa, naye akainama, akauona.

Mpira mpya na klipu mbili vilinunuliwa dukani hatua chache kutoka pale, na bei yake haikufikia hata ya chakula chetu cha mchana, ambacho kilikuwa ugali, sato na mlenda. Hita nayo ilibadilishwa. Mzee aliongeza, bila kuulizwa, kumwaga maji yaliyokusanyika chini ya chujio, akamwonya dereva juu ya jambo ambalo yaelekea alikuwa amelifanya au kufikiria kulifanya: asimruhusu mtu yeyote kuinusisha injini petroli kwa kitambaa kwenye njia ya hewa ili iwake upesi, hususa baada ya hita kupashwa, maana petroli huwaka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo huvunja ringi za pistoni na pengine humuunguza anayeshika kitambaa. Nimeyaona hayo yakifanywa katika stendi nyingi kwa vicheko. Natamani wanaoyafanya wangemsikia.

Sikumwona akidai sifa. Alidai ijara yake, ambayo ilikuwa ndogo kuliko nilivyotazamia, na akaweka sharti moja, kwamba usiku ule gari lilazwe limeinua pua, kwenye mwinuko mkali kuliko lilivyozoea, na tangi likiwa na mafuta machache. Alitaka kazi yake ipimwe mahali palipo pagumu zaidi. Asubuhi alikuja mwenyewe, akaijaribu pampu ya mkono, akaikuta ngumu, akaingia, akapasha hita, akazungusha. Liliwaka kabla stata haijatimiza mzunguko wake wa pili, tena bila kutetemeka. Alilizima, akaliwasha tena, akashuka, akaenda zake kwenye trekta lililokuwa likimngoja.

Siku hiyo tulipakia magunia ya pamba ya jirani watatu na kushika njia ya Lagangabilili, vumbi likitufuata. Mizanini foleni ilikuwa ndefu, na tulipofika mwisho wake dereva alisimamisha gari, akaushika ufunguo kwa kitambo kama mwenye kukumbuka desturi yake, kisha akaizima injini. Tulikaa pale mpaka adhuhuri ikapita, tukila matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tuliyonunua kwa mama mmoja aliyeketi kivulini, na kila foleni iliposogea alizungusha ufunguo, injini ikaitika, akasogea hatua zake, akaizima tena.